Kundi la nyumbani lijengwe kama bujuni

Mwaka 2000 mtafiti Mbelgiji Joachim De Weerdt alifanya utafiti Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini, na watu wazima wa kaya zote 119 wakaulizwa swali moja: ni nani unayeweza kumtegemea ukikwama, au anayeweza kukutegemea wewe, kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu zako? Majibu yalichorwa kama nyuzi kati ya nyumba na nyumba. Zikawa nyuzi 490. Hadi leo wachumi wa vyuo vikuu vya mbali wanautumia mchoro wa kijiji hicho kidogo cha Wahaya wanapotaka kuelewa jinsi watu wanavyobebana.

Katika mchoro ule, jambo moja limenikaa zaidi. Nyuzi nyingi zilitajwa na upande mmoja tu. Mtu anasema anamtegemea fulani, lakini fulani akiulizwa, hamtaji. Ninalikumbuka kila ninapoongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp la watu wa nyumbani, lenye majina mia kadhaa, ambamo wanaoandika ni wale wale na waliobaki wanasoma kimya. Orodha ya namba za simu si orodha ya watu watakaokuja.

Makundi haya tunayahitaji kweli. Ukanda wetu wa Kagera, kutoka Bukoba na Kemondo hadi Muleba, ni wa watu wanaoondoka. Watafiti waliohoji kaya za Kagera kati ya 1991 na 1994 walirudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004, na karibu nusu ya kaya walizozihoji upya hazikuwa tena katika vijiji vya mwanzo. Walioondoka walikuwa wamepiga hatua kimaisha kuliko waliobaki. Waliondoka, lakini mama, kibanja na makaburi ya baba zao vikabaki.

Kemondo yenyewe, kwa kuwa ni bandari, inaujua uchungu wa kusubiri habari. Usiku wa kuamkia 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipitia hapo kuongeza abiria, ikaenda kuzama karibu na Mwanza asubuhi. Zaidi ya watu 800 walipotea, na ndugu zao wakakaa kwenye redio wakisubiri kusikia. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, picha za wavuvi na mitumbwi yao zilikuwa Dar es Salaam na Ulaya kabla ndege haijavutwa ufukweni. Kwa kasi tumefika mbali sana. Kwa mpangilio, bado.

Mpangilio wenyewe wazee wetu walikuwa nao. Bujuni, vikundi vya kuzikana, havikuwahi kuwa mkusanyiko wa yeyote apitaye. Wanachama walijulikana kwa majina, mchango ulijulikana, iwe fedha, ndizi, maharage au kazi ya mikono, na asiyefika msibani bila sababu alitozwa faini. Kikundi kilikuwa na jambo moja la kufanya na kililifanya. Linganisha na kundi la simuni ambalo asubuhi ni mahubiri, mchana ni siasa, jioni ni tangazo la viwanja, na usiku anaingia mtu na taarifa ya msiba, ikafunikwa na picha za mpira ndani ya nusu saa. Nimeona msiba wa mtu ninayemfahamu ukipita hivyo, na sikupenda.

Kwa hiyo la kwanza ni kazi ya kundi, kabla hata ya jina na picha yake. Tuchukue mfano wa migomba, kwa sababu hapo ndipo nimeona faida kubwa. Unyanjano, yaani mnyauko bakteria, uligunduliwa Muleba mwaka 2006 na tangu hapo umemaliza vibanja vingi. Mkulima wa Muhutwe anakata ndizi katikati, anapiga picha. Ganda bado kijani, ndani kuna kahawia. Anaandika: "Ta, hii ni nini?" Mwenye uzoefu hakimbilii kutoa jina la ugonjwa. Anaomba picha nyingine: kata kigogo chenyewe, subiri kidogo, utuoneshe kama kunatoka usaha wa njano. Ukitoka, ushauri unajulikana. Mgomba wenye dalili ukatwe usawa wa ardhi, panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine, na maua dume ya migomba mizima yavunjwe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua.

Kundi la namna hiyo linahitaji kanuni chache ngumu. Anayeuliza aweke picha na jina la kijiji. Kuwe na mtu wa kuthibitisha, na TARI Maruku hawako mbali na Kemondo. Anayetangaza dawa ya kutibu unyanjano afutiwe ujumbe siku hiyo hiyo, maana dawa hiyo haipo na mkulima aliyekata tamaa ataitoa hela yake ya mwisho. Wa kahawa nao wana yao: bei za mnada ziwekwe na mtu mmoja anayetaja mnada na tarehe, la sivyo atakayezitangaza ni mnunuzi wa butura, yule anayenunua kahawa ingali mtini.

Ukubwa nao ni uamuzi. Mwaka 2016 WhatsApp iliruhusu watu 256 katika kundi moja, na mwaka 2022 ikafika 1,024. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Msiba wa Kemondo unaendeshwa vizuri zaidi na watu 80 wanaojuana kuliko na 800 wanaosalimiana.

Kuna jamii za mtandaoni ambazo hustawi kwa njia nyingine kabisa. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilikua kwa sababu watu waliweza kusema mambo mazito bila kutaja majina yao. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama. Kule jina lililofichwa ndilo linalomlinda mzungumzaji. Katika kundi la kuzikana, jina lililofichwa ni mlango wa tapeli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kanuni za kundi moja zinafaa kote.

Tapeli anaujua huu mlango. Anachukua picha ya marehemu kutoka kundini, anaweka namba yake, anaandika "michango itumwe hapa". Dawa yake ni ya kizamani: namba moja ya mweka hazina, iliyokubaliwa siku ambayo hakuna msiba, na kila mchango kusomwa hadharani kwa jina na kiasi.

Wapo pia wenye kitochi, na wengi wao ndio hasa wanaohusika: mama wa marehemu, jirani mwenye mgomba unaougua. Kila kundi liwe na watu waliopewa kazi ya kuwapigia hawa simu, kwa majina, ili wasipate habari za nyumba zao kutoka kwa wapita njia.

Na admini wawe watatu, kwa sababu simu huibiwa na watu hufa. Mmoja wao aishi Kemondo, aweze kutembea hadi msibani, aone kama maharage yametosha na kama mjane ana wa kumwangalia usiku, kisha aandike. Makundi mengi niliyomo yana maadmini wote Dar es Salaam. Huyo wa Kemondo atafutwe kwanza, na bando lake lilipwe kutoka mfuko wa kundi.