Dizeli au Petroli? Piga Hesabu Kabla ya Kununua Motokaa ya Watu Saba

Siku hizi wakulima wengi wanaungana, jamaa mbili au tatu, ili wanunue motokaa ndogo ya kuchukua watu saba au wanane. Ni shauri jema. Asubuhi motokaa hiyo hupeleka watoto shuleni, siku ya soko huwachukua kina mama, na mgonjwa akizidiwa usiku hufikishwa hospitali. Lakini kikao kinapoanza, swali moja huleta ubishi: tununue ya dizeli au ya petroli?

Mimi ni karani wa kilimo, na kabla ya ukarani nilifunzwa ualimu. Kwa hiyo jirani zangu walipokuwa na swali hilo, waliniletea mimi. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu, nikawaambia, "Nunueni ya dizeli." Hesabu yangu ilikuwa sawa, ila ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili nitakueleza hapa, msomaji, ili usilipe tena karo ya somo ambalo sisi tumekwisha lilipia.

Tofauti ya injini hizi

Katika injini ya petroli, pistoni hubana hewa iliyochanganyika na petroli, kisha plagi hutoa cheche na moto ukawaka. Injini ya dizeli haitumii cheche. Pistoni hubana hewa mpaka iwe moto sana, na dizeli inaponyunyizwa ndani huwaka yenyewe. Kama umewahi kujaza baiskeli upepo, umeona jinsi pampu inavyopata joto. Jambo ni lile lile. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeifanya injini ya namna hii ifanye kazi vizuri mwaka 1897.

Kwa kuwa hewa hubanwa kwa nguvu zaidi, dizeli hufanya kazi kubwa kwa mafuta machache. Tena huvuta vizuri polepole, jambo linalofaa ukiwa umejaza watu na magunia mlimani. Lakini ili istahimili nguvu hiyo, injini yake lazima iwe nzito, na pampu na nozeli zake zitengenezwe kwa ustadi mkubwa. Ndiyo sababu bei yake huwa juu, na ikiharibika matengenezo nayo huwa ghali.

Sasa chukua kalamu

Bei hizi ni za mfano. Wewe weka za kwako. Tuseme motokaa ya petroli inakwenda kilomita 12 kwa lita, na ya dizeli kilomita 15. Petroli ni shilingi 180 kwa lita, dizeli 170. Tena tuseme ya dizeli inauzwa shilingi 250,000 zaidi.

Ukienda kilomita 6,000 kwa mwaka, petroli itakula shilingi 90,000 na dizeli 68,000. Umeokoa 22,000. Utangoja zaidi ya miaka 11 kurudisha zile 250,000! Lakini mwenye kwenda kilomita 30,000 kwa mwaka huokoa shilingi 110,000, na katika miaka miwili na miezi michache fedha zake zimerudi.

Basi umeona kosa langu. Mimi nilitazama bei ya lita tu. Sikuwauliza jirani zangu watakwenda mbali gani. Soko letu ni kilomita 7, na tulikwenda mara mbili kwa wiki.

Jambo la pili likazidi la kwanza. Mmoja wetu alinunua dizeli ya mtungi kando ya barabara, kwa kuwa ilipungua shilingi chache. Fundi alipoimimina kidogo katika chupa, tuliona maji yamekaa chini. Pampu na nozeli zilikuwa zimekwisha haribika. Fedha za matengenezo zilitoka katika akiba ya maziwa, iliyokuwa karo ya shule. Watoto wawili walikaa nyumbani wiki tatu, na mmoja wao ni wangu.

Utapata nini sokoni?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika kwa zaidi ya miaka minane, na nyingi ya hizo hutoka Japani. Huko, motokaa ndogo za watu wengi karibu zote ni za petroli. Toyota Sienta, iliyoanza mwaka 2003, ni ya petroli, na tangu 2015 ziko pia zinazotumia petroli pamoja na umeme. Mitsubishi Delica D:5 inapatikana kwa dizeli tangu 2013, lakini ni kubwa na bei yake si ndogo. Kwa hiyo ukiambiwa kuna ya dizeli kwa bei rahisi, yamkini ni kuukuu. Mpeleke fundi unayemwamini aipime kabla ya kutoa fedha.

Jihadhari pia na dizeli za kisasa. Nyingi zina chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha injini ikipata moto katika safari ndefu. Ukienda safari fupi tu, huziba.

Shauri letu

Ikiwa safari zako ni fupi, nunua ya petroli. Ikiwa unakwenda mbali kila siku na mzigo mzito, dizeli itakulipa. Nunua mafuta kituoni, si kwa mtungi. Badilisha chujio la dizeli kwa wakati wake. Wala usikubali dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, maana dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha.

Kwanza kabisa, andika kwa mwezi mmoja kila safari ambayo ungeifanya, na kilomita zake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tuliandika ukurasa mmoja. Wewe andika yote miwili.