Kabla ya Kurudi Enewetak

Katika Bahari ya Pasifiki kuna Visiwa vya Marshall, na kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua huko mabomu ya nyuklia 67. Katika Enewetak, kundi moja la visiwa hivyo, kisiwa cha Elugelab kilitoweka kabisa mwaka 1952, pakabaki shimo chini ya maji. Wenyeji wa Enewetak walikuwa wameshahamishiwa visiwa vya Ujelang tangu 1947, na walichoomba miaka yote ni kurudishwa kwao. Mwaka 1972 Marekani ikakubali, lakini kwanza ilibidi visiwa vipimwe mionzi iliyoachwa na mabomu.

Mionzi haionekani wala hainuki. Basi mpimaji aanzie wapi? Swali la kwanza si la mashine: watu hawa wakirudi watalala wapi, watalima wapi, watakula nini? Enewetak ina visiwa vidogo karibu 40, na vya kaskazini viliathirika kuliko vya kusini. Helikopta zilipita juu yake na vipimo, ikachorwa ramani ya mionzi. Hiyo haikutosha. Mionzi ya plutoniamu ni dhaifu mno, karatasi tu inaizuia, hivyo ni lazima udongo uchimbwe tabaka kwa tabaka na kupelekwa maabara.

Halafu kuna minazi. Mchanga wa matumbawe una potasiamu kidogo, na mabaki ya bomu yana sesiamu, inayofanana nayo sana. Mnazi wenye njaa huinyonya, ikapanda hadi kwenye dafu na nazi. Kaa wakubwa hula nazi hizo, na watu huwala kaa. Ndiyo maana wapimaji walikusanya pia samaki, matunda ya mikadi na maji ya visima.

Majirani wa watu wa Enewetak, wenyeji wa visiwa vya Bikini, walionja uchungu wa hesabu mbaya. Waliambiwa kwao ni salama, wakaanza kurudi, wakala nazi za shambani mwao kama kawaida. Walioandaa hesabu walikuwa wamekadiria chakula hicho kuwa kidogo kuliko kilivyo. Sesiamu ikajaa miilini mwao, na mwaka 1978 wakahamishwa tena. Kwangu mimi hilo ni kosa lisilosameheka, kwa sababu kumuuliza mama anapika nini hakuhitaji helikopta.

Watu wa Enewetak walirudi mwaka 1980, wakaishi visiwa vya kusini. Kaskazini-mashariki, katika kisiwa cha Runit, udongo wenye plutoniamu ulifukiwa chini ya kuba la zege. Plutoniamu hupungua nusu kila baada ya miaka 24,000 hivi, na Runit hadi leo haikaliwi na mtu.