Masurufu ya Mtoto Hupimwa kwa Wasaa wa Baba

Katika mambo yanayogombanisha watu baada ya talaka, machache yaletayo fitina kama masurufu ya watoto. Mama hudai asichokuwa nacho baba, na baba hutoa kisichomshibisha hata kuku. Katikati yao yuko mtoto, ambaye hakuoa wala hakuacha. Sisi walimu wa vyuoni twamjua mtoto huyo: wiki hii hana juzuu, wiki ijayo hana kanzu, mwezi wa tatu haji tena. Kwa hiyo yatupasa tujue kipimo chenyewe ni kipi.

Talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba. Katika Surat Baqara, aya ya 233, baba amebebeshwa chakula na nguo kwa ada iliyo njema, na wazazi wote wawili wamekatazwa kudhuriana kwa sababu ya mtoto. Katika Surat Talaq, aya ya 7, kila mtu ameamrishwa atoe kwa kadiri ya wasaa wake: mwenye nafasi kwa nafasi yake, na mwenye dhiki katika hicho alichoruzukiwa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi walipambanua mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Chakula cha mke kina kiwango: mume tajiri mudi mbili kwa siku, wa katikati mudi moja na nusu, maskini mudi moja. Chakula cha mtoto hakina kiwango, bali ni kiasi cha kumtosha kwa umri wake na haja zake. Nacho hutolewa katika kile kinachozidi chakula cha baba mwenyewe na cha mkewe, mchana na usiku. Na asiye na kitu lakini ana nguvu, humlazimu kufanya kazi. Basi kusema "sina" huku mtu ameketi barazani tangu asubuhi si udhuru.

Na tupige mfano. Baba hupata shilingi 450,000 kwa mwezi. Makao na chakula chake na cha mkewe wa sasa ni 230,000. Zimebaki 220,000. Ana watoto wawili kwa mtalaka wake na mmoja nyumbani, na kila mmoja hutoshwa na 70,000 kwa chakula, nguo, dawa na skuli. Jumla ni 210,000, naye anaziweza. Basi zile 140,000 za wawili wale ni haki yao, si hisani. Pato likishuka hadi 350,000, zitabaki 120,000. Kila mtoto atapata 40,000, na wawili wale 80,000. Mama hana haki ya kung'ang'ania zile 140,000, wala baba hana ruhusa ya kumshibisha wa nyumbani akawasahau wa nje.

Mvuvi na mkulima wa karafuu hawana mshahara wa mwezi. Lakini hesabu ya asili ni ya siku kwa siku. Siku ya samaki wengi na itolewe ya kutosha, na akiba iwekwe kwa siku za kusi kali.

Sheria ya serikali nayo haiko mbali na haya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 44, humtaka hakimu atazame pato na mali ya wazazi wote wawili, upungufu wa uwezo wa kuchuma, watoto wengine wanaomtegemea mtoaji, na gharama za maisha mahali anapokaa mtoto. Kwa hiyo aendaye mbele ya hakimu au kadhi na achukue hesabu iliyoandikwa, si machozi na matusi.

Liko jambo moja ambalo akina mama wengi hawalijui. Masurufu ya mke yasiyolipwa huwa deni juu ya mume. Ya mtoto, katika madhehebu yetu, siku zikipita hayawi deni, ila kwa amri ya kadhi. Basi anayenyamaza miaka mitatu akingoja baba atanabahi, huenda akaipoteza haki ya mwanawe. Bibi Hindi binti Utba alimshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mumewe asiyewatosheleza yeye na mwanawe, naye akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa ada. Hakuambiwa anyamaze, wala hakuruhusiwa kupindukia.

Enyi vijana mnaotaka kuoa, jifunzeni hesabu hii kabla ya kujifunza khutuba ya ndoa. Na enyi akina baba, siku ya mshahara toeni fungu la watoto kwanza, hata kama mama yao hamsemezani. Mtoto hali ugomvi akashiba.

Mwenyezi Mungu atupe wasaa na moyo wa kutoa. Amin.