NDEGE YA NDANI YA TELEFONE: TUIPIME MBELE YA KUIPANDA

Pita jioni moja katika cité ya Kolwezi ao ya Likasi, saa ile wachimbaji wanarudi toka kwenye mashimo. Utakuta vijana watatu ao wane wamekaa kwenye benchi, vichwa chini, telefone moja katikati yao. Gafula mmoja anapiga kelele: «Toa! Toa sasa!» Mwingine anashika kichwa. Kisha wananyamaza, na wanaanza tena. Pengine mmoja wao ni mtoto wako. Pengine ni wewe mwenyewe.

Mchezo ule unaitwa Aviator. Kompanyi Spribe iliutoa mwaka 2019, na sasa kuko mingine mingi inayofanana nao, yenye roketi ao gari pahali pa ndege. Hatuandiki habari hii ili kuwatukana wale wanaoucheza. Tunataka kuupima pamoja nanyi, kama mnunuzi anavyopima mawe mbele ya kulipa: ndani muko nini?

NDEGE INARUKA NAMNA GANI?

Unaweka feza, tuseme franka 1 000. Ndege inaanza kuruka, na hesabu inapanda pamoja nayo: 1,10… 1,50… 2,00… Ukibonyeza ili kutoa wakati hesabu iko 2, unapata 2 000. Lakini ndege inaweza kukimbia saa yoyote. Ikikimbia mbele hujabonyeza, feza yako imekwisha. Mara ingine inakimbia hata mbele ya kupanda. Yote hayo mara nyingi hayafikie dakika moja, na ndege ingine iko tayari.

Pembeni unaona liste ya wachezaji wengine na feza wanazotoa. Juu unaona hesabu za ndege zilizopita. Kwa hiyo, ukitoa kwa 2 na ndege ikafika 40, roho inakuuma kama umenyanganywa feza. Lakini feza ile haikuwa yako hata siku moja.

JE, MCHEZO UNAIBA?

Watu wengi wanasema: «Kuko mtu nyuma anayetuona, anakata ndege wakati tumeweka feza nyingi.» Tuseme ukweli. Katika mchezo wenyewe wa Aviator, hesabu ya mwisho inatoka katika namba ya siri ya mashini, iliyochanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza. Inajulikana kwa mashini mbele ndege haijaruka, na mchezaji anaweza kuihakikisha kisha. Kuko pia michezo ya uongo inayoiga jina na picha. Ile inaweza kukuibia waziwazi.

Lakini sikiliza vizuri, kijana: mchezo hauna lazima ya kuiba ili ukumalize. Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba unarudisha asilimia 97. Wengi wanasikia 97 na wanafurahi. Wanasahau ile 3 iliyobaki.

HESABU YA ILE TATU

Kamata kalamu. Kwa wastani, mwenye kutoa kila mara kwa 2 atashinda mara 97 katika michezo 200. Ameweka 200 000, amepata 194 000. Amepoteza 6 000.

Mwenye kuogopa, anayetoa kwa 1,50, atashinda mara 194 katika michezo 300. Ameweka 300 000, amepata 291 000. Amepoteza 9 000.

Mwenye moyo mkubwa, anayengojea 10, atashinda mara 97 tu katika michezo 1 000. Ameweka 1 000 000, amepata 970 000. Amepoteza 30 000.

Umeona? Mwoga na shujaa wote wanapoteza franka 3 katika kila 100 wanazoweka. Kuchagua saa ya kutoa kunabadilisha tu ginsi utakavyopoteza: polepole ao kwa kishindo.

Utasema: «Franka 3 kwa 100 ni kitu gani?» Kwa mwenye kununua tikiti moja ya tombola kwa juma, si kitu kikubwa. Lakini ndege inaruka mbio. Katika saa moja unaweza kucheza mara 100. Ukiweka 1 000 kila mara, umepitisha 100 000, hata kama mfukoni ulikuwa na 10 000 tu, kwa sababu feza ile ile inaingia na kutoka. Tatu ya 100 000 ni 3 000 kwa saa moja. Cheza saa mbili kila siku, na mwisho wa juma ni 42 000. Basi si ile tatu peke yake inayokula mfuko wa unga. Mbio ya mchezo ndiyo inayoifanya kuwa kubwa. Na hiyo ni wastani tu. Kuko atakayepoteza zaidi, na kuko atakayeshinda siku moja na kutembea kartiye mzima akilisimulia. Wale waliopoteza hawasimulie.

«LAKINI MIMI NIKO NA MBINU»

Mbinu inayosifiwa sana ni ya kuongeza mara mbili. Unaweka 1 000 na kungojea 2. Ukipoteza, unaweka 2 000, kisha 4 000, 8 000, 16 000, 32 000, 64 000. Siku ukishinda, unarudisha yote na faida ya 1 000. Inaonekana vizuri sana.

Lakini ndege inaweza kukimbia mara 7 mfululizo mbele ya kufika 2. Hapo umepoteza 127 000, na mara ya nane inakuomba 128 000 ingine. Jambo hilo linafika karibu mara moja katika kila mara 104 unapoanza mbinu hiyo. Kwa hiyo, mara 103 utapata elfu moja moja, jumla 103 000. Mara moja utapoteza 127 000. Mara hiyo moja ndiyo siku ambayo telefone inauzishwa, ao feza ya masomo ya mdogo wako inapotea.

Wengine wanakuuzisha programu inayotabiri ndege. Usilipe hata franka moja! Namba ya mashini ni ya siri mpaka ndege imekwisha kukimbia. Na jiulize: mtu anayejua ndege itakimbia wapi, juu ya nini anahangaika kukuuzisha siri hiyo kwa bei ya mfuko wa makala?

Wengine tena wanaangalia hesabu zilizopita: «Imekimbia mbio mara tano, sasa itapanda.» Ndege haina kumbukumbu. Haina deni kwako.

SHIMO NA NDEGE

Juu ya nini mchezo huu unashika sana vijana wa kwetu? Tunafikiri ni kwa sababu unafanana na kazi yetu. Mchimbaji naye anaishi na bahati. Anaweza kushuka majuma matatu bila kupata kitu, na siku moja akapanda na mifuko imejaa. Amezoea kusema: «Kesho itatoka.» Anapoona ndege, anafikiri ni shimo lingine, shimo lisilochafua nguo.

Lakini kuko tofauti kubwa. Shimo linafundisha. Jiwe la kijani, malakite, linaonyesha shaba. Jiwe jeusi, eterogenite, linaonyesha kobalti. Wazee wa Katanga, wale walioitwa wakula-shaba, walijua kufuata jiwe la kijani na kuyeyusha misalaba ya shaba wakati Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, haijazaliwa. Mita uliyochimba jana haitajirudishia udongo yenyewe usiku. Leo unaanza pale ulipofikia. Shimo lina hatari yake, linaweza kuanguka juu ya watu, na hatulisifu bure. Lakini ndani yake akili na jasho viko na faida.

Katika ndege, aliyecheza mara elfu na aliyeanza leo asubuhi wako pahali pamoja. Kuvumilia, ambako shimoni ni nguvu ya mchimbaji, mbele ya ndege ndiko kunammaliza.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Ninyi wazazi, msianze na fimbo wala matusi. Kijana aliyepoteza feza ana haya, na haya inamsukuma kurudi kucheza ili ajaribu kurudisha mbele hamjajua. Umuulize kwa utulivu: «Deni iko ngapi?» Akisema kweli, msimucheke. Andikeni deni pamoja, na muone ginsi ya kuilipa kidogo kidogo.

Wewe baba, feza ya mawe ipite nyumbani kwanza. Kama inaingia katika telefone, toa ya chakula na ya masomo siku ile ile, umpe mama, mbele ya kukaa na marafiki. Yenye kubaki, peleka katika likelemba: pale zamu yako itafika hakika, na watu unaowajua kwa majina.

Wewe kijana unayecheza, andika katika daftari kila franka inayoingia na inayotoka kwa mwezi mmoja. Usiandike ushindi tu. Ukiona huwezi kuandika kwa sababu unaogopa jumla, umekwisha kupata jibu.

Na wote pamoja, jaribuni jambo hili jioni moja. Tieni katika mfuko mbegu 48 za mahindi na 52 za maharagi. Kila mtoto apate vijiwe 20 kama feza yake, na mmoja awe mwenye mchezo. Mtoto anaweka kijiwe, anatoa mbegu bila kuangalia. Hindi: anaongezewa kijiwe. Haragi: anapoteza chake. Mbegu inarudi mfukoni, na mwingine anatoa. Hiyo ndiyo ndege ya kungojea 2, karibu sawasawa. Chezeni mpaka usingizi ufike, kisha mhesabu vijiwe vya mwenye mchezo.