Maji Kichwani mwa Mtoto Aliye Tumboni

Mama mmoja wa Mbagala, wilaya ya Temeke, alikuja zahanati akilia. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Alikuwa ametoka kupimwa, akaambiwa kichwa cha mtoto kina maji mengi. Nyumbani mama mkwe amekwisha sema ni mkono wa mtu.

"Dada, keti kwanza," nilimwambia. "Hujarogwa."

Kipimo alichopimwa huitwa ultrasaundi. Si eksirei. Chombo hupeleka tumboni sauti ambayo sikio letu halisikii. Sauti ikigonga kitu hurudi, kama mwangwi wa mtu aitaye kisimani. Popo hujua njia usiku kwa namna hiyo hiyo. Mashine hugeuza mwangwi kuwa picha. Mama haumwi.

Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vidogo vya maji. Maji hayo hutengenezwa kila siku, nayo hutoka kwa njia yake. Njia ikiziba, vyumba hupanuka na ubongo hubanwa. Mpimaji hupima upana wa vyumba hivyo. Ukifika milimita 10 au zaidi, mama hupelekwa kwa daktari bingwa apimwe tena. Mgongo nao hutazamwa, maana kichwa kikubwa na mgongo wazi mara nyingi hufuatana.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Lakini akina mama wengi huja kliniki tumbo limekwisha kuwa kubwa! Tena mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za kwanza, wakati mama hajajua kama ana mimba. Ndiyo sababu vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanza kumezwa kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi amwone daktari, kwa kuwa yeye huhitaji zaidi.

Kipimo hakioni yote. Mwaka 2005 madaktari wa Mbale, Uganda, walieleza kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa kichwa kikubwa waliowatibu walipata ugonjwa huo baada ya kuambukizwa vijidudu, wengi wakiwa bado wachanga. Basi mtoto mchanga mwenye homa apelekwe hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo akivimba utosi, au kichwa kikikua upesi, au macho yakitazama chini tu.

Watoto hawa hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Huwekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, nayo hunyonywa na mwili.

Mama yule hakuzalia nyumbani. Alikwenda hospitali kubwa mapema, na mtoto alipasuliwa kabla kichwa hakijawa kikubwa mno. Aliyekaa naye wodini siku zote, akifua nepi, ni yule yule mama mkwe.