Ganda la Shaba na Mng'aro Wake

Miongoni mwa vitu vinavyofikishwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu katika miji ya mpakani kama Sirari, ambako barabara kuu itokayo Tarime huvuka na kuingia Isebania, kisha ikaendelea Migori hata Kisii, shaba manjano ina heshima yake. Huletwa koki za bomba zilizochakaa, makufuli yaliyopoteza funguo, vipande vya rejeta. Na mara mojamoja, katikati ya hayo yote, huonekana ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, jeusi mdomoni, limeshika udongo kiunoni, wala halina dalili ya kumwonyesha mtazamaji kwamba lilitengenezwa kwa uangalifu kupita kila kitu kilichomo katika gunia lile.

Nia yangu ni kueleza jinsi ganda kama hilo linavyosafishwa pale linapokusudiwa kutiwa fataki mpya na baruti mpya na kupigwa mara ya pili, kazi ambayo katika Marekani na nchi kadhaa za Ulaya wapiga shabaha huifanya majumbani mwao, ilhali huku kwetu utengenezaji wa risasi ni amali ya viwanda vya dola, kama Shirika la Mzinga lililoko Morogoro, au kiwanda cha Eldoret kwa jirani zetu wa Kenya. Wala asidhani msomaji kwamba maarifa haya, kwa kuwa si ya mikono yetu, hayatuhusu. Kujua kuisafisha shaba ni kuijua shaba yenyewe. Na aghalabu sisi, tangu askari wa wanyamapori hadi bibi anayesugua sinia lake kwa ukwaju na majivu, huipima kwa mng'aro peke yake, hali mng'aro ni jambo la zahiri, na uzima wa shaba umo katika batini yake.

Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki, nayo ilichaguliwa kwa sababu ya tabia mbili ambazo ni nadra kukutana katika madini moja: hukubali kuvutwa bila kupasuka, na ikiisha kuvutwa hupata ugumu wa kurudi umbo lake. Kiwandani hukatwa kisahani cha mviringo, kikasukumwa kikawa kikombe, na kikombe kikavutwa tena na tena ndani ya kalibu nyembamba zaidi mpaka kikarefuka kikawa ganda; na baina ya mvuto na mvuto hutiwa katika moto ili ile shaba iliyokakamaa ilegee. Siku ya kupigwa, kipini cha bunduki huigonga fataki iliyo katikati ya kitako, cheche zikawasha baruti, na kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde nguvu ya gesi ndani ya bunduki ya rifle huweza kupita mara 3,000 ya kani ya hewa tunayoivuta. Hapo ganda hutanuka likagandamana na ukuta wa mtutu, likaziba njia ili moto usirudi usoni mwa mpigaji, kisha gesi ikiisha kutoka hunywea kidogo, na kwa kunywea huko ndiko linakoweza kuchomolewa. Kitu kilichopitia taabu ya namna hiyo hakirudi kama kilivyokuwa, hata kikioshwa kwa maji saba.

Uchafu unaobaki juu yake si wa aina moja. Ule mweusi wa mdomoni ni masizi ya baruti, nao ndio mwepesi kuondoka. Ule wa ndani ya tundu la fataki ni mkavu, mgumu na wa hatari zaidi, kwa maana fataki nyingi hata leo zina mchanganyiko wa madini ya risasi, nami nitaurudia. Halafu kuna kazi ya hewa na unyevu, inayoifanya shaba kuwa ya kahawia, kisha nyeusi, na penye chumvi kuwa na kutu ya kijani. Zamani, fataki zilipotiwa zebaki, palikuwa na adui wa nne: baruti nyeusi ya wakati ule iliacha masizi mengi yaliyoichukua zebaki isiidhuru shaba sana, lakini baruti isiyo na moshi ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, zebaki ilikosa cha kuizuia, ikaingia katika madini yenyewe na kuyafanya yavunjike kama udongo mkavu, ambapo hapana sabuni wala ndimu iliyoweza kuyaponya.

Afrika ya Mashariki ina kisa chake katika elimu hii, nacho ni kikubwa kuliko wengi wanavyojua. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, na kikosi cha Wajerumani kikavuka mpaka kutoka upande wa Ziwa na kupigana na King's African Rifles mjini Kisii mnamo Septemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado wamebeba bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Mwezi Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyokuwa ikisafiri kwa jina la kujificha la Kronborg, ikiongozwa na Carl Christiansen, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, imesheheni bunduki mpya na risasi kwa mamilioni. Lakini manowari Hyacinth ilikuwa nyuma yake, na nahodha hakuwa na hila ila kuitia meli maji katika kina kifupi na kuwasha moto juu ya sitaha, ili adui adhani kwamba imeteketea. Hila hiyo ilifaa. Shehena ikatolewa majini, na ndipo taabu ya pili ilipoanza, kwa kuwa maji ya bahari yalikuwa yamezipenya risasi.

Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1920, anasimulia kwamba risasi zilizopigwa zikakataa kuwaka zilizidi kuwa nyingi, ikabidi kuzifungua, kuisafisha baruti, na kuziondoa baadhi ya fataki na kutia nyingine mahali pake, na kwamba kwa miezi askari na watu wengine waliopatikana walishughulishwa kwa kazi hiyo huko Moshi, mwisho wa reli ya Usambara. Yafaa tuitafakari kazi hiyo kwa mizani ya haki. Historia za vita huhesabu majemadari na mapigano. Lakini wale Waafrika walioketi Moshi na vikapu vya risasi zilizooza, wakizifungua moja moja kwa mkono, wakitenga nzima na mbovu, walikuwa wakifanya amali ya kitaalamu ambayo kosa lake moja lingeweza kumng'oa mtu vidole, na majina yao hayakuandikwa. Mimi naona ni wajibu kuwataja hapa, maadamu tunazungumza juu ya usafi wa risasi katika nchi hii.

Sasa tuje kwenye kuosha kwenyewe. Ganda lililopigwa kwa baruti nyeusi halingoji; chumvi zilizomo katika masizi yake huvuta unyevu wa hewa, na likilala usiku mmoja pasipo kuoshwa, asubuhi hukutwa limeanza kuliwa. Maji ya moto na sabuni kidogo humaliza sehemu kubwa ya kazi. La baruti ya kisasa laweza kungoja, nalo husafishwa kwa mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni ya asidi hafifu, hususan ile ile iliyomo katika ndimu, nayo huyeyusha ule utando wa kahawia bila kuigusa sana shaba iliyo chini, kwa sharti la kwamba muda uwe wa dakika chache na suuza iwe ya maji mengi. Njia ya pili ni ya kusugua pasipo mkono: maganda hutiwa katika chombo kinachozungushwa au kutetemeshwa kwa mashine pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakasuguana humo kwa saa kadhaa mpaka yakang'aa. Magunzi hayo, ambayo katika nyanda za Tarime ni kuni za kuchemshia chai, huko Marekani hutiwa katika mifuko na kuuzwa dukani kwa ajili ya kazi hiyo. Ugumu wake ni wa kadiri, hukwangua uchafu wala hayakwangui madini.

Katika asidi mtu hukosea kwa kupenda haraka. Akitia siki kali pamoja na chumvi, au akilisahau ganda ndani ya asidi kutwa nzima, atalitoa lina mabaka mekundu, na yamkini akafurahi akidhani kwamba amefika kwenye shaba safi. La. Wekundu ule ni alama ya kwamba zinki imeondolewa katika ngozi ya madini ikabaki shaba nyekundu peke yake, laini na yenye vitundu visivyoonekana kwa jicho.

Kosa la kinyume chake lipo pia, nalo ni la kuuondoa uzima kwa kudhani ni uchafu. Ukilitazama kwa karibu ganda la risasi ya kijeshi, utaona kwamba tangu mdomoni hadi mabegani lina utando wa rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau na kahawia, kama kwamba liliwahi kuunguzwa. Hakika liliunguzwa, kwa makusudi: kiwanda huipitisha shingo ya ganda katika moto mara ya mwisho ili kuituliza, na jeshi hutaka rangi hiyo isifutwe, iwe ushahidi kwa mkaguzi kwamba kazi ilifanyika. Anayeisugua hadi ikatoka amefuta muhuri.

Na hapa ndipo ilipo maana ya kusafisha. Karibu na kitako cha ganda, huenda pakatokea mstari mwembamba unaong'aa kuliko pengine, umelizunguka lote. Hapo shaba imevutika na kupungua, na ganda likipigwa tena laweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Shingoni huenda pakawa na ufa mwembamba kama unywele. Mafundi huingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda wakaupapasisha ukutani, wakisikiliza kwa vidole kama kuna mfereji. Yote hayo hufichwa na masizi, na ndiyo sababu ganda huoshwa: ili lisomeke. Fundi anayeosha kwa ajili ya mng'aro, kisha asilitazame, afadhali asingeliosha.

Ufa huo wa shingo waweza kutokea hata kwa risasi isiyopigwa kamwe. Katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, risasi zilizowekwa akiba katika mazizi ya farasi wakati wa masika, majira ambayo shughuli za vita zilipungua kwa ajili ya mvua, zilionekana zimepasuka zilipotolewa kiangazi, pasipo aliyezigonga wala kuzipiga. Watu wakayalaumu majira. Mwaka 1921 wataalamu watatu wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, ndio waliobainisha asili yake: mkojo wa wanyama ukioza hutoa amonia, na amonia pamoja na unyevu huingia katika mipaka ya chembechembe za shaba, na kwa kuwa ganda lililovutwa bila kutulizwa kwa moto hubaki na mkazo ndani yake, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, hupasuka penyewe pale linapodhoofishwa. Ule moto unaoacha utando wa samawati shingoni ndio dawa yake.

Katika maboma ya Wakuria, ambako ng'ombe ndiye akiba na ndiye mahari, zizi huwa karibu na nyumba, na ile harufu ya kuchoma pua inayopanda alfajiri ni amonia hiyo hiyo. Mwenye bunduki ya leseni na asitundike mkoba wake wa risasi kwenye ukuta unaopakana na zizi. Kadhalika, dawa kadhaa za kung'arishia shaba zinazouzwa madukani zina amonia. Zafaa kwa sinia na kwa vitasa vya mlango, wala hazifai kwa kitu kitakachobeba nguvu ya baruti.

Nimeahidi kuirudia fataki. Vumbi linalotoka katika maganda yaliyosuguliwa kwa ukavu lina madini ya risasi, sumu inayokaa mwilini muda mrefu na kuwadhuru watoto kuliko wakubwa, hususan katika akili zao. Kwa hiyo vyombo vya kazi hii havirudi jikoni abadan, maji yake hayamwagwi penye kuku na watoto, na magunzi yaliyokwisha kutumika hayatiwi mekoni. Tena si kila kinachofanana na ganda tupu ni tupu: fataki isiyowaka yaweza kuwa bado kitakoni, na mtoto akiitupa motoni itamrudia machoni. Wanunuzi wa chakavu wanaoyeyusha shaba wangefanya vyema kulitazama kila ganda kitakoni kabla ya kuliweka jikoni: lililo salama bila shaka ni lile ambalo tundu la fataki liko wazi, kwa maana kishimo katikati ya fataki huonyesha tu kwamba iligongwa, si kwamba iliwaka.

Na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, hapana ruhusa ya mtu kutengeneza risasi pasipo idhini, basi wa Sirari anayeokota ganda hana haja ya kulisafisha. Zaidi ya hayo, katika wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako ujangili umewagharimu watu na wanyama, ganda lililolala njiani huenda likawa shahidi. Kitakoni mwake mna alama ya kipini, na ukingoni mwake mna mkwaruzo wa ndoana iliyolichomoa, na alama hizo huweza kuonyesha limetoka katika bunduki ipi. Mwaka 2008 John Bond, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi na polisi wa Northamptonshire nchini Uingereza, alionyesha kwamba hata jasho la kidole cha aliyeipakia risasi huila shaba kidogo, likaacha sura ya kidole hicho ambayo kitambaa hakiwezi kuipangusa, kwa sababu haiko juu ya madini bali imo ndani ya ngozi yake. Ndimu yaweza kuiondoa, na magunzi yaweza kuiondoa. Kwa hiyo anayelikuta ganda porini au kando ya njia na aliache pale lilipo, apaweke alama, awaite polisi au askari wa hifadhi waje walichukue na uchafu wake wote.