Ekseli ya Tela: Namna ya Kuchagua Iliyo Imara

Mkulima wa Katavi hamalizi kazi yake siku anapovuna. Mahindi, mpunga na tumbaku hubaki bila thamani ya fedha mpaka vifike ghalani, sokoni au katika stesheni ya reli ya Mpanda. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa, una mashamba yaliyotawanyika mbali na barabara kuu. Katika sehemu nyingi mzigo huondoka shambani juu ya tela la magurudumu mawili linalovutwa na jozi ya ng'ombe, trekta au pawatila.

Tela ni chombo sahili. Lina bodi, mti wa kuvutia, magurudumu na ekseli. Bodi ikipasuka hupigiliwa ubao, na tairi likitoboka huzibwa. Lakini ekseli ikivunjika, safari imekwisha. Magunia hushushwa njiani, na mvua za Novemba zikikaribia, chakula cha mwaka mzima huweza kuharibika kando ya barabara. Aidha, mara nyingi watu hukaa juu ya mzigo, na tela linapoinama ghafla wao ndio huanguka kwanza na magunia hufuatia.

Baada ya hapo huja swali la ekseli ipi iwekwe badala ya ile iliyovunjika. Jibu la haraka ni kutafuta chuma chochote kinachofanana na kile cha zamani. Jibu hilo lina kasoro moja kubwa: chuma cha zamani kimekwisha kuonyesha kwamba hakikufaa.

Kazi ya ekseli

Ekseli ya tela hufanya kazi kama boriti ya nyumba. Magurudumu huisukuma juu kwenye ncha zake mbili, na bodi huikandamiza chini mahali inapokalia. Kwa hiyo ekseli hupinda. Nguvu ya kuipinda hutegemea mambo mawili: uzito unaobebwa na kila gurudumu, na umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi mahali bodi inapokalia ekseli.

Chukua mfano wa tela lenye uzito wa kilo 250 lililopakiwa magunia 10 ya kilo 100 kila moja. Jumla ni kilo 1,250, na kila gurudumu hubeba kilo 625. Ikiwa umbali uliotajwa ni sentimita 20, nguvu ya kupinda ni 625 mara 20, yaani 12,500. Umbali huo ukiongezwa kuwa sentimita 30, nguvu hiyo hupanda hadi 18,750 bila gunia hata moja kuongezwa. Hii ndiyo sababu ekseli ndefu iliyofungwa chini ya bodi nyembamba hupinda upesi. Fundi anayetaka magurudumu yaachane zaidi ili tela lisipinduke hana budi kutanua na vikalio vya bodi pia.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kupinda ni kudogo kwenye ncha, huongezeka kadiri unavyokaribia kikalio cha bodi, kisha hubaki vilevile katikati yote. Ndiyo maana ncha zinaweza kukerezwa ziwe nyembamba ili beringi ziingie, lakini sehemu ya katikati haiwezi kupunguzwa.

Unene wa chuma

Uwezo wa chuma kukataa kupinda haukui sawasawa na unene wake. Kwa chuma cha duara, hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Kwa hesabu ya karibu, zidisha kipenyo cha sentimita mara tatu hivyo, kisha gawa kwa 10. Kipenyo cha sentimita 4 hutoa 6.4, cha sentimita 5 hutoa 12.5, cha sentimita 6 hutoa 21.6. Sentimita moja tu kutoka 4 hadi 5 huongeza nguvu karibu maradufu.

Ukigawa nguvu ya kupinda kwa namba hiyo unapata mkazo ulio ndani ya chuma. Kwa tela la mfano, ekseli ya sentimita 4 hupata mkazo wa kilo 1,950 hivi kwa kila sentimita mraba. Ya sentimita 5, kilo 1,000. Na ya sentimita 6, karibu kilo 580. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja, bila kurudi, mkazo unapofika kilo 2,500 hivi.

Kwa mtazamo wa kwanza, hata ile ya sentimita 4 inatosha. Lakini hesabu hiyo ni ya tela lililosimama. Gurudumu linapotumbukia katika shimo, mzigo hushuka kwa kishindo na kuikandamiza ekseli kama kwamba uzito umeongezeka mara mbili au zaidi. Hapo ekseli ya sentimita 4 hufikia kilo 3,900, nayo hupinda. Ya sentimita 5 hufikia 2,000 na kusalimika, ingawa akiba yake ni ndogo. Mkulima akiongeza magunia matano, mkazo wa ekseli hiyo katika shimo lile lile hupanda hadi 2,800, na usalama wake huisha. Ya sentimita 6 hustahimili hata kishindo cha mara tatu kwa magunia 10.

Umbo la chuma

Unene si jambo pekee. Chuma cha mraba chenye upande wa sentimita 5 huhesabiwa kwa kuzidisha 5 mara tatu na kugawa kwa 6. Jibu ni 20.8, yaani karibu sawa na chuma cha duara cha sentimita 6, ingawa hutumia chuma kidogo zaidi. Tena bodi na springi hukaa vizuri juu ya uso ulio bapa, na bolti zenye umbo la U hulibana bila kuteleza. Kwa sababu hizo chuma cha mraba kilichokerezwa ncha ni chaguo zuri kwa tela la kijijini, endapo fundi mwenye mashine ya kukereza anapatikana.

Bomba nalo lina hoja yake. Sehemu ya chuma iliyo mbali na kiini ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukataa kupinda. Ile ya katikati husaidia kidogo sana. Bomba lenye kipenyo cha nje cha sentimita 7.5 na unene wa milimita 10 huwa imara kuliko chuma cha duara cha sentimita 6 kisicho na tundu, hali ni jepesi zaidi. Bali jambo hili ni kweli kwa bomba nene tu. Bomba jembamba la maji hubonyea mahali linapokalia bodi, na likishabonyea hukunjika kama bua la mtama. Bomba pia huhitaji ncha za chuma kizima ziingizwe na kulehemiwa ndani yake kwa urefu wa kutosha.

Ekseli ya gari chakavu

Katika gereji za Mpanda, kama ilivyo kwingi nchini, chaguo linalopatikana kwa urahisi ni ekseli ya nyuma ya gari lililokufa. Ekseli hiyo ilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa, ina habu na beringi zake, na mara nyingi ina breki. Hasara yake ni uzito, pamoja na gia za difu ambazo tela halina haja nazo.

Hapa panatakiwa uangalifu. Kuna ekseli za aina mbili. Katika aina ya kwanza, kama ile ya Land Rover za zamani, habu hukaa juu ya beringi mbili zilizoko nje ya ganda la ekseli, na shafti iliyomo ndani hufanya kazi ya kuzungusha gurudumu tu. Shafti hiyo huweza kutolewa, na mdomo wa habu ukafunikwa kwa bamba la chuma ili grisi isitoke na vumbi lisiingie. Gurudumu litabaki mahali pake na kuzunguka kwa wepesi. Katika aina ya pili, shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Ikitolewa, gurudumu limekwisha kutoka. Mnunuzi asiyejua tofauti hii huweza kulipia ekseli isiyofaa kwa kusudi lake.

Kabla ya kununua ni vyema kuhesabu bolti za gurudumu na kupima nafasi kati yake, maana rimu ya bolti 5 haiingii katika habu ya bolti 6. Ni vyema vilevile kusoma namba iliyochongwa kwenye beringi. Beringi ikiharibika, namba hiyo ndiyo itakayotafutwa dukani; kama haipatikani Mpanda wala Sumbawanga, urahisi wa bei ya leo utakuwa ghali kesho.

Beringi na nguvu ya ng'ombe

Jozi ya ng'ombe wenye kilo 300 kila mmoja huweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu ya kilo 60 hivi, yaani moja ya kumi ya uzito wao. Tela la mfano likiwa na matairi yenye upepo huhitaji takriban kilo 50 kwenye barabara ya udongo iliyokauka na kushikana. Kinachobaki ni kidogo, na beringi mbovu huweza kukimaliza chote.

Bushi ya mti mgumu, iliyochemshwa ndani ya mafuta mpaka ikanyonya, ni ufundi wa bei nafuu uliopendekezwa kwa vijiji vingi vya Afrika. Msuguano wake huongeza mzigo wa kuvuta kwa kilo 13 hivi. Beringi za roli zilizopakwa grisi huongeza chini ya kilo moja. Kwa safari fupi za kusomba maji au kuni, bushi ya mti inatosha, hasa kwa kuwa hutengenezwa kijijini. Kwa magunia 10 na safari ya kilomita nyingi, beringi za roli hulipa gharama yake kwa afya ya ng'ombe.

Beringi hizo hukazwa kwa utaratibu. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa mpaka lianze kuwa zito, kisha hulegezwa kidogo hadi lizunguke bila kuchezacheza. Mwishowe hufungwa kwa pini. Nati isiyo na pini hujifungua yenyewe njiani.

Ufa usioonekana

Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika kati ya Versailles na Paris, nchini Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ajali hiyo iliwashtua wahandisi, kwa kuwa ekseli za reli zilikuwa zikivunjika chini ya mizigo ambayo zilikwisha kuibeba mara nyingi. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alizifanyia majaribio katika miaka ya 1850 na 1860. Alionyesha kwamba chuma kinachokazwa na kulegezwa mara nyingi hatimaye huvunjika kwa mkazo ulio mdogo kuliko ule wa kukivunja kwa mara moja. Hali hiyo huitwa uchovu wa chuma. Mabehewa yanayofika Mpanda kwa tawi la reli kutoka Kaliua, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, husafiri kwa usalama kwa kuwa somo hilo lilizingatiwa.

Tela la ng'ombe nalo halikwepi kanuni hiyo, kwani kila shimo ni mkazo mmoja zaidi. Ufa huanzia mahali ambapo umbo hubadilika ghafla: kwenye kona kali ambapo chuma kinene kimekerezwa kuwa chembamba, au kwenye mshono wa kulehemu. Kwa hiyo kona hiyo iachwe na mviringo, na kikalio cha bodi kifungwe kwa bolti za U badala ya kulehemiwa, maana hapo ndipo mkazo ni mkubwa kuliko pote. Ekseli iliyovunjika ikaungwa kwa moto isirudishiwe mzigo wa zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa ekseli hauzibiki; dawa yake ni chuma kingine.

Mahali pa kuifunga

Ekseli njema ikifungwa pasipofaa huwatesa wanyama. Uzito wa mzigo unatakiwa uegemee mbele kidogo ya ekseli. Ikiwa kutoka ekseli hadi nira ni mita 3, na kitovu cha uzito kiko sentimita 10 mbele ya ekseli, shingo za ng'ombe wawili hubeba kilo 42 kwa pamoja. Kikiwa sentimita 30 mbele, hubeba kilo 125, na vidonda havitachelewa. Kikiwa nyuma ya ekseli, nira huinuka na kuwakaba koo. Upakiaji wa magunia ufuate kanuni hiyo hiyo.

Tena ekseli yenye nafasi ya breki ipewe kipaumbele kwa njia za miteremko, kama ile inayoshuka kutoka Mpanda kwenda Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Katika mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, tela la kilo 1,250 huwasukuma ng'ombe kwa nguvu ya kilo 62 hivi, kabla ya kutoa ule ukinzani wa matairi. Mteremko ukiwa mkali maradufu, bila breki jozi hiyo haiwezi kulizuia kwa muda mrefu.

Kwa muhtasari, mkulima anayekwenda kwa fundi achukue vipimo vitano: uzito wa mzigo mkubwa anaokusudia kubeba, umbali wa gurudumu na kikalio cha bodi, unene na umbo la chuma, namba ya beringi, na idadi ya bolti za rimu. Taasisi kama SIDO, na CAMARTEC ya Arusha iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, zina wajibu wa kuvifikisha vipimo hivi kwa mafundi wa vijijini. Na baada ya ekseli mpya kufungwa, mzigo usizidi ule uliohesabiwa. Magunia matano yaliyobaki nyuma yatafuatwa kwa safari ya pili. Ekseli iliyovunjika porini haina safari ya pili.